Subaru ya rali ya bei poa: gia namba tatu imenilia korosho zangu zote

Naandika bado nina hasira. Msimu uliopita, malipo ya korosho yalipoingia tu, nilipanda basi kwenda Dar nikanunua Impreza GC8, Subaru ya miaka ya tisini, iliyokwishafungwa keji, yale mabomba ya ndani ya kukukinga gari likipinduka. Muuzaji aliapa giaboksi imefunguliwa na kufungwa upya.

Siku ya tatu, kwenye njia za mikorosho ya kaka yangu kule Nanyamba, nilitoka kwenye mchanga mzito nikakanyaga mafuta, gia namba tatu. Ka! Halafu mlio kama kokoto ndani ya ndoo. Fundi wangu wa Mikindani alipomwaga oili, vipande vya meno vilitoka nayo.

Nikampigia muuzaji. Akacheka. "Mtu wa korosho kanunue bodaboda, rali waachie wenyewe." Akakata simu. Wallahi, maneno yale yananiuma kuliko gia.

Kuna jambo alinificha na mafundi wa Subaru wote wanalijua: giaboksi ya gia tano ndiyo ugonjwa wa magari haya. Gari la kuvuta miguu miwili likizidiwa, tairi zinazunguka bure. Hili linashika ardhi kwa miguu yote minne, nguvu ya turbo inakosa pa kutokea, meno ya gia ndiyo yanaumia. Ya gia sita, ya STI (Impreza ya nguvu zaidi), inavumilia, ila bei niliyotajiwa inakaribia nusu ya gari zima!

Msiniambie ninunue jipya. Fiesta Rally3, foo wili ya rali ya ngazi ya chini kabisa ya FIA, shirikisho la mbio za magari duniani, ilitoka kwa bei ya karibu euro 100,000, yaani zaidi ya shilingi milioni 250. Inashindana kweli, sikatai: 2022 Maxine Wahome wa Kenya alishinda WRC3, daraja la tatu la rali ya dunia, nayo pale Safari Rally. Lakini Mtwara hii hela hiyo ni ghala zima la korosho.

Nilikuwa nimeandika hapa msiguse GC8. Nimefuta. Zile siku mbili za kwanza ilipita juu ya mchanga ambao Corolla yangu ya zamani ilikuwa inazama mpaka tumboni, na kwa pesa ile sijaona kingine cha kunipa hivyo. Nunueni, ila oili ya giaboksi imwagwe mbele ya macho yenu kabla hamjatoa hata shilingi. Ile ya gia sita nimeshalipia nusu. Iliyobaki nasubiri mnada wa korosho.