inDrive kwa sisi wa Tanga tunaofuata mzigo Dar

Kwetu Tanga hakuna anayepanda bajaji bila kupatana. Unashuka stendi ya Kange, unauliza Chumbageni bei gani, anataja yake, unamwambia punguza kaka, anakwambia mafuta yamepanda, mkielewana ndo unapakia begi. Kwa hiyo mimi nikienda Kariakoo kuchukua mzigo wa duka, apu ya kuita gari ninayoifungua kwanza nikishuka stendi ya Mbezi ni inDrive, maana bei unaitaja mwenyewe. Unaandika unapokwenda, unaweka mfano elfu 12, madereva wanaona, kuna atakayekubali hapohapo na kuna atakayekurudishia 14 au 15, halafu wewe ndo unachagua kwa kuangalia bei yake, gari, nyota zake na yuko mbali kiasi gani.

Na huu mtindo haukubuniwa na wataalamu wa bei, umetoka kwa abiria wenyewe. Kule Yakutsk, Urusi, baridi ilishuka mpaka nyuzi 45 chini ya sifuri mwaka 2012, madereva teksi wakapandisha bei kwa pamoja, wananchi wakafungua grupu mtandaoni wakawa wanataja safari na pesa waliyonayo, mwenye gari akiridhika anakuja. Mfanyabiashara wa hukohuko, Arsen Tomsky, akaligeuza hilo grupu kuwa kampuni 2013, wakati huo ikiitwa inDriver. Na Afrika walianzia wapi? Arusha, 2018! Sio Lagos wala Nairobi, ni hapahapa kwetu, na mimi sishangai kabisa kwamba ilishika, mtu aliyekulia sokoni Ngamiani nani amfundishe kupatana. 2021 thamani ya kampuni ilishapita dola bilioni 1.

Kingine ninachokipenda ni upande wa dereva. Anaona unakwenda wapi na unalipa ngapi kabla hajakubali, kwa hiyo akija anakuwa amekuja kwa hiari yake. Kuna apu nyingine nilipanda zamani, bei ilionyesha hii, kufika imekuwa nyingine, dereva naye analalamika kampuni inamkata sana, nikashuka tumenuniana wote wawili na hakuna aliyemkosea mwenzake. Haya mambo ya makato sio madogo jamani. LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ilipoweka kikomo cha kamisheni, yaani hayo makato ya kampuni, asilimia 15 mwaka 2022, Uber ilisimamisha huduma Tanzania mwezi wa 4, ikarudi mwanzoni mwa 2023 kikomo kilipopandishwa hadi 25. Yaani hizo asilimia ndo ugali wa dereva na ndo faida ya kampuni, na mimi naona bei ikishapatanwa waziwazi angalau dereva anajua anafanyia kazi nini.

Sasa sio kwamba haina ugumu. Mgeni asiyejua bei za mji ataumia, ile bei inayopendekezwa kwenye apu inasaidia ila sio kila saa, mvua ikinyesha hakuna atakayekubali ya chini. Na ukiweka pesa ndogo mno utakaa na simu mkononi hadi bando liishe, huo sio ujanja, mtu ana mafuta na marejesho ya gari, mpe bei ya haki.

Ushauri wangu kwa mama zangu na dada zangu wa biashara: ulizeni bei kwa mwenyeji kabla ya kusafiri, pesa taslimu iwe imechenjiwa, na kama una mabelo andika kabisa kwenye sehemu ya maoni kwamba una mzigo, usimshtukize mtu na gari dogo. Namba ya gari ilingane na ya kwenye apu, isipolingana usipande hata akikwambia ni gari la ndugu yake. Usiku mtumie mtu wa nyumbani ile linki ya safari. Mimi naipa nyota 4 kati ya 5, ya tano nimeinyima kwa ajili ya wageni wasiojua bei.