Kutoka DVD kwenda Blu-ray na 4K: ununue nini kwanza, nini usubiri, nini uache

Kabati la sebuleni kwetu lina DVD kama mia mbili na ushee, nyingi alinunua mzee mojamoja kila akisafiri, na siku tuliyoweka tivi ya inchi 55 ndo zikaanza kuumbuka, sura za watu kama zimepakwa mafuta, majina ya mwisho wa muvi hayasomeki. Diski hazijaharibika. DVD ya PAL, yaani mfumo wa picha wa huku kwetu na Ulaya, ina pikseli (vidoa vya picha) 720 kwa 576 tu, tivi inaivuta hiyo picha mpaka ijae kioo kizima, wakati Blu-ray ina 1920 kwa 1080, yaani mara tano, na 4K ni mara nne ya Blu-ray. Nimehangaika na hili jambo miaka mitatu sasa, nimeagiza, nimekosea, nimerekebisha, na huu ndo mpangilio ningempa ndugu yangu anayeanza leo.

Anza na deki kabla ya diski hata moja. Deki ya Blu-ray inacheza na DVD zako za zamani, ilimradi kanda zilingane kama nitakavyoeleza chini, ila deki ya DVD haitasoma Blu-ray milele, leza yake ni nyekundu na Blu-ray inataka ile ya bluu-zambarau inayosoma alama ndogo zaidi. Kwa hapa kwetu njia nyepesi ni PS4 ya mtumba, ile mashine ya gemu ya Sony, mtaani zimejaa na fundi anapatikana. Lakini sikiliza, PS4 Pro haichezi diski za 4K, hilo neno Pro limewaingiza watu wengi hasara. Zinazocheza 4K ni PS5, na kwa upande wa Xbox, mashine za gemu za Microsoft, ni One S, One X na Series X, zote hizo ziwe zile zenye sehemu ya diski. Series S haina hata tundu la diski. Na PS4 mara ya kwanza inataka intaneti ndo ikubali kucheza muvi, Xbox nayo mpaka upakue programu yake ya Blu-ray, kwahiyo weka bando kabla hujaita watu waje kuangalia. Kama gemu sio zako chukua deki ya 4K ya Sony UBP-X700, au ukiwa na hela ya kutosha Panasonic DP-UB820. Oppo waliacha kutengeneza deki 2018, Samsung 2019, ukikuta mashine zao mtumba uliza kwanza nani atakutengenezea leza ikichoka.

Sasa mambo mawili ambayo hakuna muuzaji anakwambia. La kwanza umeme. Mjomba aliniletea deki kutoka Marekani, nzuri, mpya, nikachomeka, ikatoa moshi kabla hata taa haijawaka vizuri, kumbe ni ya volti 120 na sisi tuna 230. Soma kibandiko cha nyuma, kama hakijaandikwa 100-240V usiguse swichi. La pili ni kanda. Blu-ray dunia imegawanywa A, B na C, Afrika iko B pamoja na Ulaya na Mashariki ya Kati, Marekani na Japani ni A, India na China ni C. Deki ya kanda A haichezi diski iliyofungwa B, na PS4 za mtumba kutoka Japani ni A, kwahiyo uliza imetoka wapi kabla ya kutoa hela. Nyuma ya kasha kuna alama yenye herufi, ukiona ABC ujue inacheza popote. Ndo maana mimi naagiza Uingereza kila kitu, kanda yao ni yetu, umeme wao ni wetu, hata plagi ya miguu mitatu ni ileile. Kitu kimoja tu, kwenye DVD wao ni kanda 2 na sisi ni 5, kwahiyo DVD orijino ulizonunua huku zinaweza kukataliwa na deki yao, usiitupe ile deki ya zamani.

Namba moja kwangu ni Blu-ray ya kawaida, mtumba. Kule Uingereza maduka ya hisani yanaziuza mara nyingi pauni moja mpaka tatu, watu wanazitoa majumbani, na ukiwa na dada au rafiki anarudi likizo anakuletea 20 kwenye begi bila shida, mwambie atoe makasha abebe diski na karatasi zake tu. Tofauti na DVD utaiona hata kwenye inchi 40. Na kuna kitu wengi hawakijui, muvi inapigwa fremu 24 kwa sekunde, DVD ya PAL inaikimbiza 25, kwahiyo muvi ya dakika 120 inaisha kama 115 na sauti za watu zinapanda kidogo, Blu-ray inairudisha kwenye mwendo wake. Mimi niliposikia tena sauti nzito ya muigizaji ninayempenda nilinyamaza kabisa. Ikifika ielekeze kwenye mwanga uikague, data ya Blu-ray iko milimita 0.1 tu kutoka upande unaosomwa na leza, ya DVD iko 0.6. Kuna gamba gumu linaikinga ndio, ila ikishachubuka sana usiipeleke kusuguliwa kama DVD, imekwenda hiyo.

Namba mbili 4K, na hapa usiwe na haraka. Kama tivi yako ni inchi 32 nyingi ni 1366 kwa 768, hata Blu-ray yenyewe haionyeshi yote, 4K utaipa nini? Kuanzia inchi 55 yenye HDR ya kweli, yaani teknolojia inayopanua tofauti ya mwanga na giza kwenye picha, na inayowaka sana, hapo utaona giza lina vitu ndani yake na jua linauma macho, na kiukweli hiyo HDR ndo inayofanya nilipe, kuliko hizo pikseli. Chagua muvi zako kumi za moyoni basi. Diski ya 4K haina kanda, ila yale makasha ya Marekani yenye diski mbili, ile Blu-ray ya pili inaweza kuwa imefungwa A.

Namba tatu ni kuacha DVD kama zilivyo. Bongo muvi za zamani zilirekodiwa kwa kamera za video za kawaida, na harusi ya mama na baba vilevile, hakuna picha kubwa iliyojificha mahali ikisubiri kusafishwa. Ila muvi iliyopigwa kwa mkanda wa filamu wa 35mm, hata ya miaka ya 60, ina cha kutoa ikiskaniwa upya. Hizo nyingine tunza DVD, nakili na kwenye hadi diski, maana zikipotea hakuna wa kukuuzia tena.

Zile diski za mtaani zilizoandikwa HD au Blu-ray, muvi 20 ndani ya moja, ni DVD. Diski ya GB 4.7 gawanya kwa 20, kila muvi inapata kama MB 235, wakati muvi moja ya Blu-ray imepewa diski ya GB 25 au 50. Picha itatoka wapi?

Na ukikuta kasha jekundu limeandikwa HD DVD, linauzwa bei ya karanga, Toshiba waliuacha huo mfumo Februari 2008 na deki za kawaida za Blu-ray haziusomi. Rudisha mezani, uliza kama wana makasha ya bluu.