Kifaa cha Kubana Mafuta: Nimekipasua, Tuone Kilichomo

Karibuni tena. Leo nina hiki kidubwasha kinachotangazwa kila unaposhika simu: unakichomeka kwenye tundu la OBD chini ya usukani, lile fundi anapochomeka mashine ya kupimia gari, kinajifunza unavyoendesha, halafu eti gari linakula mafuta kidogo. Nimeshakipasua. Sogea uone.

Hizi pini 16 za nje zinang'aa, zinatia imani. Sasa nageuza. Pini ya 6 na ya 14 ndizo magari mengi ya sasa hutumia kuwasiliana na kompyuta ya injini. Hapa hazijaungwa popote! Zilizoungwa ni za umeme tu, chanya na hasi, zinalisha kichipu kinachopepesa taa. Kimejifunza kwa njia ipi, jamani?

Na hata kingeungwa, bado. Injini ya petroli ya leo ina sensa ya oksijeni kwenye ekzosi, na kompyuta inarekebisha mchanganyiko muda wote ukae karibu na kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli. Petroli karibu yote inaungua. Kinachopotea sana ni joto, linatokea kwenye rejeta na ekzosi, na hakuna cha kuchomeka kitakacholirudisha. Sumaku zinazouzwa ufunge kwenye bomba la mafuta nazo ni yaleyale. Mitambo ya hidrojeni, ile inayopasua maji kwa umeme ili gesi yake iungue kwenye injini, ndiyo inanichekesha: umeme wa kupasulia maji unatoka kwenye alteneta, alteneta inazungushwa na injini, na injini inakunywa petroli yako.

EPA, wakala wa mazingira wa Marekani, imepima zaidi ya vifaa 100 vya namna hii. Vilivyosaidia ni vichache mno, na vingine viliongeza uchafu wa moshi.

Najua utaniambia kuna mtu amekifunga na akaona nafuu. Sikatai. Mtu akishatoa hela yake anaanza kukanyaga kwa adabu. Kukanyaga na kufunga breki kwa pupa kwenye foleni kunaweza kukupotezea asilimia 10 hadi 40 ya kilomita unazopata kwa lita, kwa hiyo aliyebana mafuta ni mguu. Ukitaka kubishana nami, mpe mwenzio akichomeke au akichomoe bila kukwambia, wewe jaza tangi, piga hesabu.

Kama tayari unacho, kitoe. Tundu hilo lina umeme hata gari likiwa limezimwa, kwa hiyo vitaa hivi vinanyonya betri yako usiku kucha.