Safu ya tisa imenitoa roho

Nilipoanza kuitumia programu hii nilikusudia kuja hapa kuimwagia sifa. Wiki zile za mwanzo kila aliyekaa karibu nami alilazimishwa kutazama ikoni nilizozichora, mpaka watu wakaanza kunikwepa. Sasa nimekuja kweli, lakini nimekuja na kisirani, na chanzo chake ni safu moja ya pikseli. Moja tu!

Kwa asiyejua: ni programu ya kuchora upya fonti na ikoni za kompyuta za zamani, mraba kwa mraba, kisha unazitoa kama fonti ya kutumika kwenye mashine za leo. Inalipiwa kila mwezi. Jina silitaji, wenyewe wakisoma watajijua.

Nianze na haki yake, maana nikichelewa hasira itanisahaulisha. Kwa ikoni sijaona mfano wake. Nilianza na zile za Macintosh ya 1984, kazi ya mikono ya Susan Kare, ambaye alianza kwa kujaza miraba kwenye daftari kabla hata hajapewa programu ya kuchorea. Ikoni moja ni pikseli 32 kwa 32, yaani miraba 1,024, na kila mraba ni mweusi au mweupe, kijivu hakuna. Ile saa ya mkononi ya kukuambia subiri ni ndogo zaidi, 16 kwa 16. Humo ndani huna pa kujificha. Nilisogeza pikseli moja ya mkanda, saa ikageuka kobe. Nikairudisha, saa ikarudi. Programu inakuwekea pembeni kipicha cha ukubwa halisi kinachobadilika papo hapo, na hicho kipicha ndicho kilichoninasa, nikawa nalala saa nane za usiku.

Kisha nikaingia kwenye fonti ya Chicago, ile ya menyu za Macintosh. Mistari yake ya wima ina unene wa pikseli mbili. Kuna kitufe cha kufifisha neno, kinachofuta pikseli moja na kuacha moja, jinsi menyu zilivyokuwa zikifanya kwa amri isiyoweza kutumika. Nikakibonyeza nikijua neno litasambaratika. Halikusambaratika! Linasomeka vizuri, kwa sababu ya ule unene wa mbili. Nilicheka peke yangu. Siku hiyo ningewapa nyota sita kama zingekuwepo.

Halafu nikajitia kwenye herufi za IBM.

Hapa lazima nieleze kidogo, vumilieni. Fonti ya VGA, mfumo wa video wa IBM wa 1987, kwenye skrini ya maandishi, huhifadhi kila herufi kwa upana wa pikseli 8 na kimo cha 16. Ni baiti 16 kwa herufi, herufi 256, jumla baiti 4,096. Malalamiko niliyowaandikia hawa jamaa yameshapita hapo. Lakini skrini haichori 8, inachora 9: herufi 80 kwa mstari, mara 9, ndiyo unapata 720. Ile pikseli ya tisa haimo kwenye fonti. Kadi ya video, kile kifaa kinachoichorea kompyuta skrini, huiongeza yenyewe, tupu, herufi zisibanane. Isipokuwa kwa alama namba 192 hadi 223. Humo mna pembe na mistari ya kuchorea fremu na majedwali, na hapo kadi hunakili pikseli ya nane na kuiweka kwenye ya tisa, ili mstari ufike hadi kwa jirani yake. IBM walikuwa na hila hiyo tangu kadi yao ya MDA ya 1981. Si siri ya mtu.

Programu yangu mpendwa iliongeza safu ya tisa tupu kwa alama zote 256. Nikachora fremu, ikatoka kama mdomo wa mtoto wa miaka sita, pengo kila hatua. Vilevile zile alama tatu za kivuli, 176 hadi 178, zikawa na ufa mweusi wa wima kila baada ya alama. Nikalalamikia yote mawili kwa pamoja, kwa adabu kabisa, na picha nikaambatanisha.

Jibu la bwana wa huduma kwa wateja lilikuja kesho yake. "Ndugu mteja, kompyuta za zamani ndivyo zilivyokuwa, mistari haikuungana. Waliozoea skrini za kisasa hudhani ni kosa." Nikajibu, bado kwa adabu, nikitaja 192 hadi 223. Akarudi na hili: "Kama hukuwahi kuitumia mashine yenyewe ni vigumu kukuelewesha."

Mimi! Mimi niliyejifunza kuandika jina langu kwenye skrini nyeusi yenye herufi za kijivu! Nilifunga kompyuta nikazunguka nyumba. Sentensi ile niliisoma nikioga, niliisoma nikila. Ile "kukuelewesha" ndiyo iliyoniuma zaidi, kama vile amejaribu sana na mwanafunzi ni mzito.

Nikamtafuta jamaa yangu mmoja ambaye hatupi kitu. Anayo bado mashine ya DOS, ule mfumo wa kabla ya Windows, na skrini yake ya kichogo, nzito kama gunia la mahindi. Tukaipangusa vumbi, ikawaka kwa mlio ule wenyewe. Ukishikilia Alt ukaandika 196 kwenye vitufe vya namba, unapata kipande cha mstari wa mlalo. Niliandika kumi mfululizo. Ukatoka mstari mmoja, hauna hata kitobo. Nikapiga picha tatu, kwa mkono unaotetemeka kwa ushindi.

Kisha, kwa kiherehere, nikaandika 178 mara kumi.

Ufa. Kila baada ya alama, ufa mweusi wa wima, vilevile kama kwenye programu. Na hesabu yenyewe inasema hivyo: 178 haimo kati ya 192 na 223, kwa hiyo safu yake ya tisa ni tupu. Nilikuwa nimeikariri kanuni na kuiandika kwenye malalamiko yangu mwenyewe, bila kuisoma hadi mwisho. Kwa hiyo kwenye kivuli yule bwana alikuwa sahihi. Kwa kubahatisha, naamini, lakini sahihi.

Niseme ukweli, sikumwambia. Niliwatumia picha za 196 peke yake na maneno makali, na suala la kivuli nikalinyamazia. Nilipata jibu la mashine: asante kwa maoni yako, yamepelekwa kwa wahusika.

Wakati nasubiri, nikaifanya kazi kwa mkono. Nilipanua miraba kuwa 9, nikanakili safu ya nane kwenye ya tisa kwa alama zote 32, moja moja. Na hapa ndipo ninapojichukia, kwa sababu ilikuwa jioni tamu. Miraba ya programu hii inaitikia kidole kabla hujamaliza kufikiri. Ina hata kitufe cha kurefusha picha, kwa kuwa 720 kwa 400 ilivyotandazwa kwenye skrini ya 4 kwa 3 ilifanya kila pikseli iwe ndefu kuliko upana wake, na bila hilo herufi huonekana zimekaliwa. Mtu aliyeweka kitufe hicho anajua anachofanya. Sasa imekuwaje aliyeweka kitufe hicho asiijue safu ya tisa? Au anaijua, na huko kwenye huduma kwa wateja hakuna anayemuuliza?

Neno langu la majaribio huwa ni ng'ombe, kwa sababu kwenye fonti za upana mmoja apostrofi hupewa chumba kizima na neno hukatika mara mbili kama limepata ajali. Humu nako linakatika, na hilo silalamiki, ndivyo lilivyo.

Basi, nyota moja. Nilipofika aya ya Chicago nikaibadilisha kuwa tatu. Nilipokumbuka "kukuelewesha" nikairudisha moja. Sasa hivi ziko mbili. Na wameshanikata malipo ya mwezi mwingine, na kitufe cha kujitoa najua kilipo.

Nyongeza, siku chache baadaye: toleo jipya limetoka. Kwenye orodha ya marekebisho wameandika kwamba mistari ya fremu sasa inaungana, "kutokana na maoni ya mtumiaji". Nimeifungua haraka. 196 imenyooka, safi. Nikashuka chini kidogo. Na vivuli vyote vitatu wameviunganisha pia. Ufa hakuna tena, kitambaa kimoja kutoka ukingo hadi ukingo, kitu ambacho VGA haijawahi kukichora. Malalamiko ya kwanza, picha ya pili, ni mimi niliyeizungushia duara jekundu.

Nimefungua ujumbe mpya wa kuwaandikia. Nimeandika "Habari za kazi", na tangu asubuhi niko hapo hapo.