Intaneti ya setilaiti kwa ndege ndogo Lubumbashi: dishi ni rahisi kuchagua, chaja ndiyo balaa

Malalamiko ya wenye ndege ndogo pale Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, yanafanana kama mapacha. Mtu amenunua Starlink Mini, dishi dogo la intaneti ya setilaiti, ameiweka nyuma ya Cessna, abiria wanatuma picha WhatsApp wakiwa juu ya Kundelungu, wote wamefurahi. Kisha rubani anaita mnara na hasikii jibu. Mnara unamsikia yeye vizuri. Yeye ndiye anayesikia mvumo mtupu. Akitua anamwita fundi, redio inafunguliwa, inalipiwa, inarudishwa, kumbe haikuwa na kasoro. Dishi nalo halina kasoro. Kilichoharibu ni chaja ya gari ya dola chache iliyochomekwa kwenye soketi ya sigara.

Kwa hiyo hapa sitapoteza muda kulinganisha kasi ya kupakua. Mini hata ikiwa imechoka inatosha kwa picha za mawingu za setilaiti ya Meteosat, METAR (ripoti ya hali ya hewa ya uwanja) ya FZQA, yaani Luano, na ujumbe wa abiria. Linalosahaulika ni hili: umeme wa kifaa unatoka wapi, na njiani unaifanya nini redio?

Nafasi ya kwanza: Starlink Mini

Naipendelea na sifichi. Ina kilo 1.1, ukubwa wa sentimita 30 kwa 26, ruta ya Wi-Fi imo ndani yake, na inapokea umeme wa volti 12 hadi 48 moja kwa moja. Ikishatulia inakula wati 25 hadi 40. Pawekewe nafasi ya wati 60. Kwa mwenye Cessna 182, 206 au Piper Saratoga sioni kifaa kingine cha kubebeka kinachoikaribia. Ile Starlink rasmi ya kufungwa juu ya ndege ilipotangazwa mwaka 2022 kifaa chake kiliwekewa bei ya dola 150,000. Kwa pesa hiyo unapata ndege nzima iliyotumika ya aina tunazozizungumzia. Dishi la kawaida la nyumbani lina karibu kilo 3 na linakula wati 75 hadi 100, liache nyumbani.

Kagua madirisha kwanza. Mawimbi ya Starlink (gigahezi 10.7 hadi 12.7 yakishuka, 14 hadi 14.5 yakipanda) hupita kwenye akriliki ya madirisha ya Cessna bila taabu. Hayapiti kwenye alumini wala kwenye nyuzi za kaboni, na yanagoma kwenye kioo chenye utando wa metali wa kupasha joto, kama vile vioo vya mbele vya ndege nyingi za turbini. Tinti yenye metali inaua mawimbi vilevile. Azima Mini ya mtu, iweke ndani ya ndege yako ikiwa imeegeshwa nje ya hanga, funga milango, subiri dakika kumi na utazame programu inasema nini. Usijaribu chini ya paa la mabati kisha ukalaumu dishi.

Kuna jambo la latitudo yetu ambalo wauzaji hawalitaji. Starlink hairuhusiwi kuwasumbua wenye setilaiti za obiti ya juu zinazokaa juu ya ikweta, kwa hiyo inakwepa ukanda huo wa anga. Lubumbashi iko kama nyuzi 11.7 kusini, ukanda wenyewe unapita karibu utosini, ukiegemea kaskazini. Ndiyo maana dishi linaloona anga ya kusini lina setilaiti nyingi zaidi za kuchagua. Ukienda Kalemie, dirisha la nyuma la Cessna linatazama kusini na mambo yananyooka. Ukirudi, linatazama kaskazini, na mikatiko midogo inaongezeka. Hilo si ubovu wa kifaa. Usirudishe dishi dukani kwa sababu hiyo.

Mahali pazuri kwenye 172, 182 au 206 ni rafu ya nyuma chini ya dirisha, uso ukitazama juu na usielekee kichwa cha abiria. Lifunge kwa mikanda miwili kwenye pete za mizigo. Vikombe vya mpira vya kunyonya kioo vinashika vizuri asubuhi pale Luano, kisha jua na mwinuko vinavilegeza, na kilo 1.1 ikiruka ndani ya kabini wakati wa msukosuko inavunja pua ya mtu. Juu ya dashibodi sipashauri kabisa: unaziba macho, unaisogelea dira, na jua la Oktoba linalikaanga. Mini imepangiwa joto la mwisho la nyuzi 50. Kabini iliyofungwa juani inapita hapo kabla hujamaliza kujaza mafuta. Lifunike kwa kitambaa cheupe mpaka uwe tayari kuwasha, na usilaze mizigo mgongoni mwake, kwa kuwa joto linatokea huko.

Halafu kuna kikomo cha kasi, kinachotegemea mpango wa malipo na ambacho kampuni imewahi kukibadilisha. Soma mstari huo kabla ya kulipa, si baada. Mpango ukisema kilomita 160 kwa saa, hizo ni noti (maili za baharini kwa saa) 86: hata Cessna 172, inayokwenda noti 120 hivi, inaupita, na huduma inakatika. Kwa 206 hesabu kilomita 260 kwa saa, kwa Cessna Caravan 330 na ushei. Ukitaka usalama wa hesabu, tafuta mpango unaofika 400.

Na picha ya mawingu kwenye simu ni ya zamani kwa dakika kadhaa. Kati ya Novemba na Aprili, wingu la radi la Katanga linakua haraka kuliko picha hiyo. Itumie kuamua kama unaenda au unageuza, usiitumie kupenya katikati ya mawingu mawili.

Chaja, tena chaja

Chaja ya gari ya USB-C hubadilisha volti kwa kuukatakata umeme mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde. Kazi hiyo huzaa makelele ya redio yanayopanda hadi megahezi mia moja na zaidi, yaani hadi ndani ya bendi ya 118 hadi 137 tunayotumia na mnara. Chaja nzuri ina vichujio. Ya rahisi imeviondoa ili gharama ipungue, na waya wake unageuka antena, mita moja au mbili tu kutoka antena ya VHF iliyoko paani. ADF, kifaa chenye mshale unaoelekea kituo cha redio cha ardhini (NDB), inaumia zaidi: mshale unaacha kituo na kuanza kutangatanga. Kwenye safari ambayo NDB bado ina kazi, hilo si jambo la kuvumilia.

Kasoro ya pili ni volti. Ndege nyingi za zamani zina mfumo wa volti 14, mpya zaidi 28. Chukua ya 14: alteneta inatoa 13.8. Mini ikivuta wati 40 ni kama ampea 3.3. Waya wa mita 15 wenye unene wa milimita za mraba 0.75 (kwenda na kurudi ni mita 30) una ukinzani wa karibu omu 0.7, kwa hiyo volti 2.3 zinapotea njiani. Dishi linapata 11.5, chini ya 12 linazotaka, linazima, linaanza upya, na rubani anasema "setilaiti hakuna". Tumia waya wa mita 2 wenye milimita za mraba 1.5, na upotevu hauzidi sehemu mbili za kumi za volti. Kwenye injini ya taratibu, wakati wa kuzunguka uwanjani, alteneta inaweza kushuka. Washa dishi baada ya kupaa.

Kwenye ndege ya volti 28 balaa ni jingine. Chaja nyingi za sokoni zimeandikwa "12/24V", lakini baadhi zina kapasita za volti 25 ndani. Zikipewa 28 zinavimba, zinanuka, na moshi ndani ya kabini ni dharura. Kagua pia fyuzi au kikata umeme cha soketi: wati 60 kwa volti 12 ni ampea 5 kamili, na kikata cha ampea 5 kinaweza kuruka.

Jibu langu ni pawabanki isiyounganishwa kabisa na umeme wa ndege. Nayo ina kibadilishaji ndani, lakini makelele yake hayapati nyaya za ndege za kusafiria. Hapa napendelea Anker 737: miliampea-saa 24,000, sawa na wati-saa 86.4, na inatoa hadi wati 140. Kebo iwe ya wati 100, yenye chipu ya ampea 5. Kebo ya kawaida ya simu inaishia ampea 3, na Mini inayumba inapoanza. Ukitoa kinachopotea kwenye kubadilisha volti, kwa wati 30 utapata saa mbili na dakika ishirini hivi. Lubumbashi hadi Kalemie ni kama kilomita 660, saa mbili na nusu kwa 206. Kwa hiyo beba mbili, au washa ukishafika mwinuko wa safari. Iweke wazi, mahali mkono unafika, isifukiwe kwenye begi. Upendeleo wangu haufumbi macho: mwaka 2025 Anker hao hao waliita irudishwe PowerCore 10000 yenye namba A1263 kwa hatari ya moto. Soma namba ya modeli mgongoni kabla ya kulipa, hasa kwa kitu kilichotumika.

Ukitaka waya wa kudumu, afunge fundi mwenye leseni, kwa kikata chake, na aandike kwenye kitabu cha ndege. Kwenye volti 28 Mini inapokea umeme huo bila chaja yoyote katikati, na hilo ni zuri mno.

Upimaji ni dakika kumi na tano, injini ikizunguka, ndege ikiwa mbali na hanga. Zima kila kitu cha setilaiti. Fungua skwelchi (kizuia mvumo cha redio), pita 118, 119, 120 hadi 136, na usisahau 121.5 ya dharura, sikiliza mvumo wa kawaida. Washa dishi na chaja, rudia. Mvumo ukipanda, au skwelchi ikifunguka yenyewe, chomoa dishi na uiache chaja peke yake ili ujue mkosaji ni nani. Tazama dira ya sumaku: ikisogea zaidi ya nyuzi mbili tatu, hamisha kifaa. Tazama GPS na mshale wa ADF. Mvumo mdogo unaweza kuupunguza kwa vipande viwili vya feraiti (pete za kumeza makelele zinazovishwa kebo), mchanganyiko namba 31 au 43, kebo ikizungushwa mara tatu ndani ya kila kimoja, karibu kabisa na chaja. Mvumo mkubwa hauponi kwa feraiti, tupa chaja.

Nafasi ya pili: Garmin inReach Mini 2

Si intaneti, ila nisingeruka kwenda Mitwaba au Manono bila nayo. Gramu 100, ujumbe wa herufi 160, kufuatiliwa njiani, kitufe cha SOS, batri yake yenyewe. Inatumia setilaiti za Iridium, ambazo hazijali umeelekea wapi. Ndege ikianguka porini, dishi la Starlink lina umuhimu mdogo. Hiki kinabaki mfukoni mwa rubani. Kiwe mfukoni kweli, si kwenye begi.

Nafasi ya tatu: Iridium GO! exec

Kilobiti 88 kwa sekunde zikishuka, 22 zikipanda. Barua pepe ya maandishi, METAR, faili dogo la hali ya hewa, simu ya sauti. Kwa mwenye kioo cha kupasha joto kinachokataa Starlink, hiki na antena ya nje ndiyo njia iliyobaki. Dakika na megabaiti zake ni ghali.

BGAN, intaneti ya setilaiti ya Inmarsat, inataka kuelekezwa kwenye setilaiti moja na kutulia. Ni kifaa cha kambi, ukishatua. Iridium GO! ya zamani, ya 2014, ina kilobiti 2.4: rahisi kuipata, ngumu kuitumia. Sina zaidi ya kusema.

Wauzaji

Hapa ndipo moyo unaniuma. Kuna wanaoiuza Mini ileile ya kawaida kwa jina la "ya ndege", bei imepandishwa, tofauti ikiwa vikombe vya mpira na chaja ile ile mbovu ndani ya boksi. Hakuna Mini ya ndege. Kuna Mini, basi. Wengine wanaleta kutoka Zambia kupitia Kasumbalesa vifaa vilivyosajiliwa kwa akaunti ya mtu asiyejulikana, na mnunuzi anagundua mwezi wa pili huduma inapokatwa. Dishi likitumika nje ya nchi ya akaunti zaidi ya miezi miwili, kampuni inataka akaunti ihamishwe, na mwenye akaunti hapokei simu. Kwa nini mtu atoe dola zake kwa kitu ambacho kisheria bado ni cha mwingine?

Mambo ya leseni nayo si mchezo. Mamlaka ya mawasiliano ya Kongo, ARPTC, ilipiga marufuku Starlink Machi 2024 na kuipa leseni Mei 2025. Kwa hiyo hakuna tena sababu ya kununua kichochoroni. Omba risiti yenye namba inayoanza na KIT, ilinganishe na iliyoko kwenye boksi. Omba karatasi ya forodha ya DGDA kama limevuka mpaka. Muuzaji alitoe dishi kwenye akaunti yake mbele yako, nawe uliwashe kwa jina lako papo hapo, kwa simu yako, kabla pesa haijabadilisha mkono. Nakala ya karatasi zote ikae kwenye mfuko wa hati za ndege, pamoja na cheti cha usajili, kwa sababu atakayekuuliza kuhusu dishi hilo kwenye uwanja wa mbali hatakuwa na subira ya kungoja uitafute nyumbani.