Kaunta buku ya kwaya mbili: daftari langu la vyuma

Nimeshatumia programu ya simu, kalenda ya ukutani na vijidaftari vya shule. Sasa natumia kaunta buku, ile kubwa yenye jalada gumu ambayo wenye maduka huandikia madeni. Kwa mtu anayenyanyua vyuma na anataka kujua kama anaongeza nguvu au anatoka jasho tu, sijaona kifaa kinachoizidi. Mimi ni mfanyabiashara wa Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla hapa Kampala, nauza sabuni na mafuta ya kupikia kwa jumla, na mazoezi nafanya kwenye jimu ndogo ya Kisenyi kabla sijafungua duka.

Niliinunua hapo hapo Kikuubo kwa shilingi 7,000. Kijana anayeuza alitaka nichukue ya kwaya nne (kwaya ni kipimo cha wingi wa karatasi). "Mama, hii utaandika mpaka wajukuu waje kuisoma." Nikamjibu, "Mwanangu, naibeba mkobani kila asubuhi, nipe ya kwaya mbili." Kwaya mbili ni kurasa 192, na mimi naweka siku moja ya mazoezi kwenye ukurasa mmoja, hata ikibaki nafasi tupu. Kabla hujalipa, ifungue katikati uangalie mgongo. Iliyoshonwa kwa uzi inalala wazi juu ya benchi bila kushikiliwa. Iliyogundishwa kwa gundi peke yake inajifunga unapoandika, na baada ya muda karatasi zinaanza kuchomoka.

Ukurasa wangu mmoja unasomeka hivi: "Jumanne. Skwoti 40 × 8, 8, 7. Ya mwisho nzito, ningepata moja zaidi. Usingizi wa saa 5. Goti la kushoto halikusema kitu." Basi. Skwoti ni kuchuchumaa na kuinuka na chuma mabegani; hapo ni kilo 40, seti tatu, yaani mizunguko mitatu, ya mara 8, 8 na 7. Jumanne inayofuata nafungua ukurasa huo kwanza, na kazi ya siku tayari ninayo: kilo 40 zile zile, nitafute 8, 8, 8. Nikizipata, natafuta 9. Nikifika 12 kwenye seti zote tatu naongeza uzito na kurudi mara 8. Sihitaji kukumbuka wala kukisia, na sipotezi muda kumuuliza kocha aliye na watu wengine wa kuwaangalia.

Lakini namba hizo zina maana kama uzito ni wa kweli, na hapa kwetu jambo hilo halina uhakika. Jimu nyingi za mitaani zinatumia vyuma vilivyochomelewa na mafundi, na pale kwetu karibu kila kitu kimetoka Katwe. Ni vyuma imara, vinavumilia kuangushwa kutwa nzima. Ila namba iliyopakwa juu yake ni ya kukadiria. Mtaimbo, yaani chuma kirefu cha kushikia, wa mashindano ya kimataifa una kilo 20 kwa wanaume na 15 kwa wanawake, kwa hiyo sisi sote tulikuwa tunahesabu wetu kuwa 20. Nilimwomba kocha ruhusa, vijana wawili wakaubeba wetu pamoja na sahani, vile vyuma vya duara vya kuongeza uzito, hadi dukani kwangu, tukaupima kwenye mizani yangu yenye stika ya UNBS, shirika la viwango la Uganda. Mtaimbo ulikuwa kilo 13.6. Sahani moja iliyoandikwa 10 ilikuwa 9.2, mwenzake 10.7. Kwa maana hiyo ile tuliyoiita 40 ilikuwa 33.5, tena upande mmoja ukiwa mzito kuliko mwingine kwa kilo moja na nusu. Mtu ananyanyua hivyo miezi na miezi, halafu anashangaa bega moja linauma.

Tangu siku hiyo sahani zote zina alama ya rangi ya kucha: A, B, C na kuendelea. Ukurasa wa kwanza wa kaunta buku yangu ni orodha ya alama hizo na uzito wake halisi. Ninapoandika "40" sasa, ni 40 ya mizani. Vijana wanakuja kuipiga picha orodha hiyo, na nawapa kwa moyo mmoja.

Kuna faida nyingine niliyoiona nilipokuwa na kurasa za kutosha za kulinganisha. Kusukuma chuma juu ya kichwa kulikuwa kumekwama. Nikarudi nyuma ukurasa kwa ukurasa nikaona sababu: kila nilipofika mara 12 nilikuwa naruka kilo 5, maana sahani ndogo kuliko zote pale ilikuwa ya 2.5 na lazima uweke mbili. Kwa miguu kilo 5 si kitu, kwa mabega ni mlima. Nikamwagiza fundi wa Katwe anikatie sahani mbili za 1.25, nikazipima kabla ya kumlipa, na ndani ya wiki chache namba zikaanza kupanda.

Mwezi wa Ramadhani nao uko humo. Nilihamisha mazoezi baada ya futari, nikaandika saa, nilichokula na nilivyojisikia. Uzito wa vyuma haukushuka, ila kwenye seti za mwisho nilinyanyua pungufu kwa mara mbili tatu, na kabla Shawwal, mwezi unaofuata, haijaisha zilikuwa zimerudi. Dada zangu wanaoacha mazoezi mwezi mzima kwa hofu ya kudhoofika, hilo nawaambia nikiwa na kurasa mkononi.

Utaratibu wenyewe wa kuongeza kidogo kidogo una historia ndefu. Thomas DeLorme, daktari wa jeshi la Marekani, aliutumia miaka ya 1940 kwa askari majeruhi wa vita. Mgonjwa alitafutiwa uzito anaoweza kunyanyua mara 10 na si zaidi, kisha akafanya seti ya kwanza kwa nusu yake, ya pili kwa robo tatu, ya tatu kwa uzito wote. Kama wako ni kilo 40, unaanza na 20, kisha 30, kisha 40. Uzito huo wa mara 10 unabadilika kadiri misuli inavyopona, kwa hiyo usipouandika huna pa kuanzia.

Programu ya simu niliyokuwa nayo ilinihesabia jumla na kunichorea michoro mizuri, hilo sikatai. Lakini bando likiisha haikufunguka, na siku moja ikaanza kudai malipo ya kila mwezi ili nione rekodi zangu mwenyewe za zamani. Jasho langu, namba zangu, halafu nilipie kuzisoma! Hapo ndipo nilipoifuta.

Kasoro za kaunta buku zipo. Ni kubwa, haiingii kwenye mkoba mdogo. Jalada likilowa linavimba pembeni, kwa hiyo livalishe nailoni kama madaftari ya watoto. Kalamu za wino mwepesi zinavuja hadi upande wa pili na jasho linazifuta, tumia bolpeni ya kawaida. Na ikipotea imepotea, ndiyo maana kila mwisho wa mwezi napiga picha kurasa zote na kuzituma kwa binti yangu.

Anayefanya mazoezi mara moja moja tu, kijidaftari cha shule kitamtosha. Kwa wenye kunyanyua mara mbili au tatu kwa wiki, nunueni ya kwaya mbili, msilipe zaidi ya 8,000, na kabla ya kuandika namba ya kwanza tafuteni mizani.