Tathmini ya Frigate: kinasa video kinachoweka kumbukumbu ya kilichomo kwenye picha

Kinasa video cha kawaida cha kamera za ulinzi kinajua mambo mawili tu kuhusu ilichonasa: jina la kamera na saa. Ukitaka kujua gari jeupe liliingia lini, itakubidi ukae ukiipeleka video mbele na nyuma mpaka macho yaume. Frigate ni programu huria inayofungwa kwenye kompyuta yako mwenyewe, na kila kitu inachokitambua inakifungulia rekodi yake: ni mtu au gari, kimeonekana kwenye kamera ipi, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, kimepita maeneo gani, na mashine ina uhakika kiasi gani. Rekodi hizo, yaani metadata, ndizo tunazozipima hapa. Video yenyewe ni ileile utakayoipata kwenye kinasa chochote kingine.

Tuanze na vifaa, maana hapo ndipo pesa nyingi hupotea bure. Frigate haipeleki kila fremu kwenye modeli ya utambuzi. Kwanza inatafuta palipo na msogeo, kisha inakata kipande cha picha kuzunguka hapo na kukipeleka kipimwe. Modeli inayokuja na programu kwa ajili ya Coral, kifaa kidogo cha Google cha kuharakisha utambuzi (kichapuzi), hupokea kipande cha pikseli 320 kwa 320. Kwa hiyo kulisha utambuzi kwa mkondo wa 4K ni kuichosha prosesa kwa kazi ya kufungua video. Weka mkondo mdogo wa kamera, 1280 kwa 720, fremu 5 kwa sekunde, uwe wa utambuzi. Mkondo mkubwa uachie kazi ya kunasa. Kwa mtambo mpya, waandaaji wenyewe hawapendekezi tena Coral isipokuwa pale umeme unapobanwa sana au kompyuta isipoweza kutumia kichapuzi kingine. Prosesa ya Intel yenye michoro ya ndani, kupitia OpenVINO, programu ya Intel ya kuendesha modeli za utambuzi, inatosha kamera kadhaa.

Kuna kumbukumbu moja ambayo wengi huisahau: RAM ya pamoja ya kontena la Docker, yaani kasha ambamo Frigate huendeshwa, inayowekwa kwa shm_size. Kila kamera ya 1280 kwa 720 inahitaji takriban MB 27, halafu ongeza MB 40 za taarifa za matukio ya mfumo (logs). Kamera nne zinafika karibu MB 147, ilhali Docker isipoambiwa kitu hutoa MB 64 tu. Ukiipuuza hesabu hii, programu itakuwa inakufa ghafla bila sababu inayoonekana, na lawama utaitupia kamera.

Sasa alama, ambazo ndizo moyo wa jambo lenyewe. Kuna vipimo viwili, na kuvichanganya ndilo kosa tunaloliona mara nyingi kuliko yote. Kipimo cha min_score, ambacho kwa kawaida ni 0.5, huamua kama fremu moja inastahili kuhesabiwa. Kipimo cha threshold, kwa kawaida 0.7, huamua kama kitu ni cha kweli, na hakiangalii fremu moja: kinachukua alama ya katikati ya historia nzima ya kitu hicho, na historia ikiwa fupi kuliko fremu tatu hujazwa sufuri. Chukua mtu anayepata 0.72, kisha 0.65, kisha 0.78. Fremu ya kwanza historia ni 0, 0, 0.72, alama ya katikati ni 0. Ya pili inakuwa 0.65. Ya tatu inafika 0.72, na hapo ndipo mtu anakubaliwa. Kwa fremu 5 kwa sekunde, fremu tatu ni zaidi kidogo ya nusu sekunde.

Hesabu hiyo inaeleza kwa nini mtu anayekimbia huponyoka. Kwa mwendo wa mita 5 kwa sekunde anasogea mita nzima kati ya fremu na fremu. Kamera inayokitazama kichochoro kwa kukikata, picha ikifunika mita 3 za njia, itampata mara tatu hivi, na mbili kati ya hizo zikiwa na ukungu wa mwendo basi hakuna rekodi. Watu hukimbilia kushusha threshold hadi 0.5, wakaishia kuarifiwa kila kivuli cha mti. Dawa ni kuigeuza kamera itazame kwa urefu wa njia, mtu akae kwenye picha sekunde kadhaa. Kwa sanamu au kichaka kinachodhaniwa mtu kila siku mahali palepale, tumia kichujio cha kitu kwa sehemu hiyo, au min_area na max_ratio, yaani mipaka ya ukubwa na umbo la kitu. Usizibe sehemu hiyo kwa barakoa ya msogeo: barakoa hiyo huzuia tu msogeo wa hapo usiamshe utambuzi, na ukiipaka ovyo ufuatiliaji wa watu halisi unakatikakatika.

Maeneo, yaani sehemu unazozichora mwenyewe juu ya picha, yana mtego wake. Frigate huamua kitu kiko wapi kwa nukta moja: katikati ya ukingo wa chini wa kisanduku kinachokizunguka. Kwa mtu aliyesimama wazi, nukta hiyo ni nyayo. Akisimama nyuma ya gari lililoegeshwa, miguu haionekani, kisanduku kinaishia kwenye boneti, nukta inapanda juu kwenye picha na mfumo unamhesabu yuko mbali kuliko alipo. Zaidi ya hapo, kipimo cha inertia, kwa kawaida 3, hudai nukta hiyo ikae ndani ya eneo kwa fremu tatu. Mtu wa mwendo wa kawaida, mita 1.4 kwa sekunde, hukata ukanda wa mita moja kwa sekunde 0.7, yaani fremu tatu na nusu. Hiyo ni bahati nasibu. Chora eneo lenye kina cha angalau mita mbili, au shusha inertia iwe 1 ukubali makosa machache zaidi.

Rekodi zote hutangazwa pia kwa MQTT, njia nyepesi ya vifaa kupeana ujumbe, na hapa Frigate inavishinda vinasa vingi vya dukani. Ujumbe wa frigate/events huja na hali mbili, before na after, ukiwa na aina ya new, update au end. Ukitaka taa iwake mtu anapofika getini, usisubiri new peke yake, maana wakati huo mara nyingi bado hajaingia kwenye eneo. Usitumie pia entered_zones (maeneo yaliyokwisha kuingiwa) ya after pekee: orodha hiyo haifutiki, kwa hiyo kila update itawasha taa upya hata mtu akiwa ameshavuka. Sharti sahihi ni eneo liwemo kwenye after na lisiwemo kwenye before. Kwa arifa za simu tumia frigate/reviews, ambayo hukusanya vitu vya tukio moja pamoja, usije ukapigiwa kengele mara nne kwa familia ya watu wanne.

Tangu toleo la 0.15 unaweza kutafuta kwa maneno ya kawaida, na 0.16 imeleta utambuzi wa sura na namba za magari, vyote ndani ya mashine yako. Utafutaji wa maneno unataka RAM ya GB 8 angalau na prosesa yenye amri za AVX. Bila kadi ya michoro unatumika kwa uvumilivu. Namba za magari zinategemea lenzi kuliko programu. Kwa sura, kiwango cha kimataifa cha kamera za ulinzi, IEC 62676-4, katika toleo lake la 2014 kilitaka pikseli 250 kwa mita ili kumtambulisha mtu asiyejulikana, kwa hiyo picha yenye upana wa pikseli 1920 isifunike zaidi ya mita 7.7 mahali unapotaka ushahidi wa sura.

Kwenye diski faida inaonekana haraka. Mkondo wa Mbps 4 unakula GB 43.2 kwa siku. Ukihifadhi vipande vyenye vitu vinavyosogea tu, na jumla yake ikawa saa mbili kwa siku, inabaki GB 3.6. Faili la hifadhidata, frigate.db, liweke kwenye diski ya ndani. Likikaa kwenye folda ya mtandao, SQLite, yaani mfumo wa hifadhidata hiyo, hujifunga na rekodi hukwama. Mafolda ya video hupangwa kwa saa za UTC, jambo linalowababaisha wanaotafuta faili kwa mkono, na muda wa rekodi hutoka kwenye seva. Zipe kamera na seva chanzo kimoja cha kulinganisha saa (NTP), la sivyo saa iliyoandikwa juu ya picha itapingana na ya rekodi.

Upungufu mkubwa kwetu ni huu: kamera nyingi za sasa huchambua picha zenyewe na kutoa metadata kwa Profile M, iliyotoka 2021, ya ONVIF, kiwango cha pamoja cha mawasiliano ya kamera za mtandao, lakini Frigate hutumia ONVIF hasa kuzungushia kamera. Uchambuzi ambao kamera imeshaufanya haiusomi, inaanza upya. Mwenye kamera hamsini za aina hiyo atafute mfumo unaosoma Profile M. Mwenye kamera mbili hadi kumi, anayeweza kuhariri faili la mipangilio la YAML bila kutetemeka, hatapata kitu kizuri zaidi bila malipo.

Na poti ya 5000 haiombi nywila. Ya kuingilia ni 8971. Ile nyingine ibaki ndani ya mtandao wako, hasa ukishaanza kuhifadhi majina ya watu pamoja na sura zao.